Utalii wa Wanyamapori: Serengeti na Majirani Zake

Utalii ni mada ambayo karibu kila mtahiniwa anadhani anaijua. Ukiulizwa faida zake utaandika upesi: "Unaingiza fedha za kigeni, unaleta ajira, unatangaza nchi." Majibu hayo si makosa, lakini hayatoshi. Msahihishaji anataka kujua fedha hizo zinaingiaje, zinafika kwa nani, na nani anabaki bila kitu. Mtahiniwa anayeeleza njia ya jambo hupata alama kuliko anayelitaja tu.

Sura hii inakupa maarifa ya kujibia swali la utalii wa wanyamapori, liwe limekuja kama insha, kifungu cha ufahamu au swali la maelezo. Mfano wetu mkuu ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, nasi tutaitazama kutoka upande wa magharibi, mahali alipo mwanafunzi wa kata ya Kasoli, wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu. Vitabu vingi huitazama Serengeti kutoka Arusha, kwenye lango la watalii. Sisi tutaitazama kutoka kwa jirani mwenye shamba la mahindi na zizi la ng'ombe.

1. Maana ya maneno ya msingi

Utalii ni kitendo cha mtu kusafiri nje ya mazingira yake ya kawaida kwa muda, kwa ajili ya mapumziko, kujifunza au kuona vivutio, bila kuhamia huko. Anayetoka nchi nyingine ni mtalii wa nje. Mtanzania anayetembelea hifadhi ya nchini mwake ni mtalii wa ndani. Mwanafunzi wa Bariadi anayekwenda Serengeti na shule yake ni mtalii wa ndani. Wengi husahau jambo hili, wakaandika kana kwamba mtalii lazima awe Mzungu.

Utalii wa wanyamapori umegawanyika katika sehemu kuu mbili:

(a) Utalii wa picha. Mtalii huangalia wanyama na kuwapiga picha. Mnyama mmoja anaweza kuangaliwa na watu wengi kwa miaka mingi.

(b) Utalii wa uwindaji. Mtalii hulipia leseni na kumwinda mnyama aliyeruhusiwa, kwa idadi iliyopangwa na Serikali. Watalii wa aina hii ni wachache, lakini kila mmoja hulipa fedha nyingi.

Zingatia: uwindaji wa kitalii hauruhusiwi ndani ya hifadhi ya taifa. Mtahiniwa anayeandika kwamba watalii huwinda simba Serengeti amekosea.

2. Aina za maeneo yanayohifadhiwa

Maneno haya huchanganywa sana. Yatofautishe kwa kujiuliza maswali mawili: je, watu wanaruhusiwa kuishi humo? Je, uwindaji unaruhusiwa?

Hifadhi ya taifa: watu hawaishi, uwindaji hauruhusiwi. Husimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), lenye makao makuu Arusha. Mfano: Serengeti.

Pori la akiba: watu hawaishi, lakini uwindaji wa kitalii huruhusiwa kwa leseni. Husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Mfano: Pori la Akiba la Maswa.

Eneo la Hifadhi la Ngorongoro: lilianzishwa mwaka 1959 kwa lengo la kuunganisha uhifadhi, ufugaji na utalii katika eneo moja. Lina mamlaka yake na haliko chini ya TANAPA.

Jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori: ni ardhi ya vijiji ambayo wananchi wenyewe wameitenga kwa ajili ya wanyama na wawekezaji wa utalii, ili mapato yarudi vijijini. Msingi wake ni Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998. Mfano: Makao, wilayani Meatu.

Ona kwamba mifano ya Maswa na Makao inahusu mkoa wa Simiyu, nayo Serengeti yenyewe imeenea katika mikoa ya Mara, Arusha na Simiyu. Mwanafunzi wa Kasoli anaweza kujibu swali zima kwa kutumia mazingira ya mkoa wake.

3. Historia fupi ya Serengeti

Jina Serengeti linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya uwanda mpana usio na mwisho. Wakati wa utawala wa Waingereza sehemu ya eneo hilo ilitengwa kama pori la akiba, na mwaka 1951 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa: Ngorongoro ikatengwa na Serengeti, na wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti wakahamishiwa upande wa Ngorongoro. Hifadhi sasa ina ukubwa wa kilometa za mraba 14,763.

Katika miaka hiyohiyo Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa kutumia ndege ndogo. Michael alifariki kwa ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Kitabu na filamu yao viliifanya Serengeti ijulikane duniani.

Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko ambalo baadaye liliitwa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akieleza kwamba viongozi wa nchi inayopata uhuru wanapokea dhamana ya kuwalinda wanyama kwa ajili ya vizazi vijavyo. Usilichanganye na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililohusu Ujamaa na Kujitegemea. Mwaka 1981 Serengeti iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kumbuka miaka minne: 1951 hifadhi, 1959 Ngorongoro, 1961 tamko, 1981 urithi.

4. Kwa nini nyumbu wanahama?

Kivutio kikuu cha Serengeti ni msafara wa nyumbu zaidi ya milioni 1, wakifuatana na maelfu kwa maelfu ya pundamilia na swala. Mtahiniwa mzuri haishii kusema "wanafuata majani na maji". Anaeleza mzunguko wenyewe.

Kati ya Januari na Machi makundi yako kwenye mbuga za kusini, kuelekea Ndutu. Udongo wa huko umetokana na majivu ya volkano, hivyo majani yake mafupi yana madini mengi yanayomfaa jike anayenyonyesha. Ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki chache tu. Hiyo ni kinga: simba na fisi hawawezi kula ndama wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo wengi hupona. Mvua zinapokwisha, mbuga za kusini hukauka na makundi husogea kaskazini na magharibi. Mwezi Mei na Juni mengi hufika ukanda wa magharibi, kwenye mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, wakivuka mto Mara na kuingia Masai Mara nchini Kenya. Mvua za vuli zinapoanza, hurudi kusini.

Nyumbu hawakuwa wengi hivi siku zote. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, uliua ng'ombe na nyumbu vilevile. Baada ya ng'ombe wa vijiji vinavyozunguka hifadhi kuchanjwa, sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia. Idadi yao ilipanda kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote.

Shika hoja hii, maana watahiniwa wachache wanayo: nyumbu waliongezeka kwa sababu ng'ombe wa nje ya hifadhi walichanjwa. Hifadhi haisimami peke yake. Afya ya zizi la jirani ni sehemu ya afya ya hifadhi.

5. Shilingi ya mtalii inapita wapi?

Tuifuate fedha ya mtalii mmoja wa nje tangu anapotoka kwao.

Kwanza, hununua tiketi ya ndege. Kama ndege ni ya kampuni ya nje, fedha hiyo haifiki Tanzania. Pili, hulipa kampuni ya utalii. Kama amelipia safari yote huko kwao kupitia wakala, sehemu ya malipo hubaki kwa wakala huyo. Tatu, hulipa kiingilio cha hifadhi, ambacho ni mapato ya Serikali. Nne, hulala hotelini au kambini, ambako wapo wapishi, wahudumu, madobi na walinzi wanaopokea mshahara. Tano, huongozwa na dereva ambaye ndiye pia mwongozaji, na mwisho wa safari humpa bahshishi. Sita, hununua vinyago, shanga na vitambaa.

Fedha inayotumika kwa jina la utalii wa Tanzania lakini ikabaki au kurudi nje ya nchi huitwa mapato yanayovuja. Hoteli inapoagiza siagi, nyama na juisi kutoka ng'ambo, mapato yanavuja. Ikinunua mayai, mchele, viazi vitamu na asali kwa wakulima wa jirani, mapato yanabaki.

Sasa angalia ramani. Watalii wengi wa Serengeti hufikia Arusha, hupitia Ngorongoro na kuingia kwa lango la Naabi upande wa kusini mashariki. Upande wa magharibi lipo lango la Ndabaka, kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, si mbali na mji wa Lamadi katika wilaya ya Busega. Magari yanayopita Ndabaka ni machache kuliko ya Naabi. Matokeo yake, Karatu na Arusha zimejaa hoteli, karakana za magari ya utalii na maduka ya vinyago, huku vijiji vya Simiyu vilivyo jirani na wanyama walewale vikiendelea kutegemea pamba, mahindi na mifugo.

Hapa ndipo penye kiini cha mada hii. Si kila aliye karibu na mnyama yuko karibu na fedha ya mnyama. Ukiweza kueleza sentensi hiyo kwa mfano, umelielewa swali.

6. Faida kwa jirani wa hifadhi

(a) Ajira. Askari wa wanyamapori, wahudumu wa hoteli, madereva na mafundi. Zingatia kwamba kazi zenye mshahara mzuri zinadai elimu: lugha za kigeni, udereva, upishi, hesabu za hoteli. Kijana asiye na vyeti hupata kibarua cha msimu.

(b) Soko la mazao. Kambi na hoteli zinahitaji chakula kila siku. Faida hii hutokea pale tu wakulima wanapoweza kupeleka mzigo wa kutosha, wa ubora uleule, kwa wakati. Ndiyo maana ushirika wa wakulima una nafasi kubwa kuliko mkulima mmoja mmoja.

(c) Huduma za jamii. Chini ya mpango wa ujirani mwema, TANAPA imekuwa ikisaidia vijiji vinavyopakana na hifadhi kujenga madarasa, zahanati, nyumba za walimu na visima.

(d) Mapato ya kijiji. Katika jumuiya za hifadhi, mwekezaji hulipia matumizi ya ardhi ya vijiji, na sehemu ya fedha hizo huenda kwenye serikali za vijiji.

(e) Mazingira. Misitu na vyanzo vya maji vinavyohifadhiwa kwa ajili ya wanyama huwafaa pia watu walio nje.

7. Gharama anazobeba jirani

(a) Uharibifu wa mazao. Tembo huingia mashambani usiku, hasa mahindi na mtama vinapokaribia kukomaa. Kundi dogo linaweza kumaliza kwa usiku mmoja kazi ya msimu mzima.

Tufanye hesabu ya kufikirika. Mkulima ana ekari 3 za mahindi na anatarajia gunia 10 kwa ekari, jumla gunia 30. Familia yake hula gunia 12 kwa mwaka, kwa hiyo gunia 18 ni za kuuza: sare za shule, matibabu, mbegu za msimu ujao. Tembo wakiharibu ekari 2, amepoteza gunia 20 na kubakiwa na 10. Sasa hana cha kuuza, na bado anapungukiwa gunia 2 za chakula. Mtu aliyekuwa muuzaji wa mahindi amekuwa mnunuzi. Tembo hakumla mtu yeyote, lakini mtoto anaweza kukosa shule.

(b) Hatari kwa uhai. Tembo, nyati, mamba na viboko hujeruhi na kuua watu. Simba na fisi hula mifugo.

(c) Muda na usingizi. Wakati wa mazao kukomaa familia hukesha shambani zikipiga madebe na kumulika tochi. Mwanafunzi aliyekesha hivyo hawezi kusoma vizuri asubuhi.

(d) Kukosa malisho. Idadi ya watu na mifugo inaongezeka lakini ardhi haiongezeki. Mfugaji anayeingiza ng'ombe hifadhini hukamatwa na kutozwa faini. Huyu si lazima awe mhalifu wa tabia. Mara nyingi ni mtu aliyeishiwa nyasi wakati wa kiangazi. Hata hivyo, sheria ni sheria, na malisho ndani ya hifadhi huharibu kile kinacholeta mapato.

(e) Ujangili. Baadhi ya wakazi hutega nyaya ili kupata kitoweo au fedha. Waya hauchagui: unaweza kutegwa kwa ajili ya nyumbu ukamkamata simba au tembo. Ujangili mkubwa zaidi ni ule wa pembe. Katika miaka ya 1970 na 1980 tembo na faru waliuawa kwa wingi nchini. Mwaka 1989 Serikali iliendesha Operesheni Uhai, na mwaka huohuo biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ikapigwa marufuku. Tangu hapo tembo wa Serengeti wameongezeka. Huo ni ushindi wa uhifadhi, lakini kwa mkulima una maana ya tembo wengi zaidi karibu na shamba lake. Jambo moja linaweza kuwa faida na gharama kwa wakati mmoja. Mtahiniwa asiogope kulisema hilo.

8. Kifuta jasho, kifuta machozi na fidia

Maneno haya matatu si sawa.

Fidia ni malipo yanayolingana na thamani ya kilichopotea. Kifuta jasho ni kiasi anacholipwa mtu ambaye mazao au mifugo yake imeharibiwa na wanyama wakali. Kifuta machozi hutolewa kwa aliyejeruhiwa, au kwa familia ya aliyeuawa. Vyote viwili vimewekwa na Kanuni za mwaka 2011 chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009.

Majina yenyewe yanajieleza. Kufuta jasho si kurudisha mavuno. Kufuta machozi si kumrudisha marehemu. Ni mkono wa pole kutoka kwa Serikali, na una viwango na masharti yake. Kwa hiyo mtahiniwa akiandika "Serikali hulipa fidia kamili kwa mazao yaliyoliwa na tembo", amekosea.

Kwa kuwa malipo hayalingani na hasara, kinga ni bora kuliko malipo. Njia zinazotumika ni hizi: kuweka uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, kwa sababu tembo hawapendi harufu yake, kutundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba, kwa kuwa tembo huogopa nyuki na mkulima huvuna asali, kutumia tochi zenye mwanga mkali, kuunda vikundi vya vijana wanaoshirikiana na askari wa wanyamapori, na kuepuka kulima kwenye mapito ya wanyama.

9. Mfano wa nje: Chitwan, Nepal

Ukitoa mfano wa nje ya nchi jibu lako hupata uzito. Mfano mzuri ni Hifadhi ya Taifa ya Chitwan nchini Nepal, Asia ya Kusini. Ilianzishwa mwaka 1973 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1984. Watalii huenda huko kumwona faru mwenye pembe moja na chui milia.

Kama Serengeti, Chitwan imezungukwa na wakulima. Mwaka 1993 sheria ya Nepal ilibadilishwa ili asilimia 30 hadi 50 ya mapato ya hifadhi iende kwenye maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Eneo la pembezoni lilitengwa mwaka 1996, ambako wananchi husimamia misitu yao kupitia kamati zao. Aidha, wakazi wameruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kukata nyasi za kuezekea.

Je, matatizo yamekwisha? Hapana. Faru bado huingia mashambani na watu bado hujeruhiwa. Funzo ni kwamba jirani anayejua sehemu yake ya mapato ni ngapi, na anayeshiriki kupanga matumizi yake, ana sababu ya kuvumilia na kulinda.

10. Kusoma takwimu za watalii

Idadi ya watalii wa nje walioingia Tanzania:

2019: 1,527,230
2020: 620,867
2021: 922,692
2022: 1,454,920
2023: 1,808,205
2024: 2,141,895

Kati ya 2019 na 2020 idadi ilipungua kwa 1,527,230 - 620,867 = 906,363. Gawanya kwa 1,527,230 kisha zidisha kwa 100: ni asilimia 59.3. Sababu ni janga la UVIKO-19 lililofunga mipaka na kusimamisha ndege. Kati ya 2023 na 2024 idadi iliongezeka kwa 333,690, sawa na asilimia 18.5. Miongoni mwa juhudi za kutangaza nchi katika kipindi hiki ni filamu ya The Royal Tour, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alishiriki na ikazinduliwa mwaka 2022.

Takwimu za 2020 zinafundisha jambo: utalii hutegemea hali ya dunia. Janga likitokea mbali, mpishi wa kambi iliyoko Serengeti hurudi nyumbani bila mshahara. Kijiji hakifai kutegemea utalii peke yake na kuacha kilimo na ufugaji.

11. Namna ya kujibu swali

Swali: "Jirani wa hifadhi ndiye mlinzi wa kwanza wa utalii." Jadili kauli hii kwa hoja nne.

Kwanza, pigia mstari maneno muhimu: jirani, mlinzi wa kwanza, jadili. "Jadili" maana yake onesha pande zote kisha utoe msimamo. Pili, kila hoja ipe aya yake yenye mambo matatu: dai, sababu, mfano. Tatu, usizidishe hoja. Ukiombwa nne, andika nne zilizoshiba.

Aya dhaifu: "Wananchi hulinda wanyama. Pia wanapata ajira. Utalii unaleta fedha za kigeni na maendeleo." Kuna madai matatu na hakuna hata moja lililoelezwa.

Aya nzuri: "Jirani ni mlinzi wa kwanza kwa sababu ndiye anayemwona mgeni kijijini kabla ya askari. Jangili anahitaji mahali pa kulala, mtu wa kumwonesha njia na mnunuzi wa nyama. Kijiji kikimnyima hayo, kazi yake inakuwa ngumu. Kwa mfano, kijiji kinachopata darasa au kisima kupitia mpango wa ujirani mwema kina sababu ya kutoa taarifa za nyaya zilizotegwa."

Aya ya upande wa pili: "Hata hivyo, jirani anaweza kuacha ulinzi huo pale gharama zinapozidi faida. Mkulima aliyepoteza ekari mbili za mahindi kwa tembo, kisha akasubiri kifuta jasho kwa muda mrefu, hawezi kumwona tembo kama urithi. Kwa hiyo ulinzi wa jirani hauji wenyewe. Hujengwa kwa kumpa sehemu ya mapato na kumsaidia kulinda shamba lake."

Hitimisho: usirudie hoja zote. Toa msimamo kwa sentensi mbili au tatu. Mfano: "Kauli hii ni ya kweli kwa sharti moja, kwamba jirani huyo awe pia mnufaika. Hifadhi inayolindwa kwa bunduki pekee hulindwa pale askari alipo. Inayolindwa na majirani hulindwa kila mahali."

Makosa ya kuepuka: kuchanganya TANAPA na TAWA, kuandika kwamba Ngorongoro ni hifadhi ya taifa, kuandika "mbuga ya wanyama" panapotakiwa jina rasmi la hifadhi ya taifa, na kutoa mifano ya jumla wakati una mifano ya mkoa wako.

12. Maswali ya kujipima

1. Tofautisha hifadhi ya taifa na pori la akiba kwa kutumia mifano miwili.
2. Eleza uhusiano kati ya chanjo ya ng'ombe na ongezeko la nyumbu Serengeti.
3. Kwa nini vijiji vya magharibi mwa Serengeti vinanufaika kidogo na utalii kuliko Karatu na Arusha? Toa sababu mbili na mapendekezo mawili.
4. Mkulima ana ekari 4 za mahindi, anatarajia gunia 8 kwa ekari, na familia yake hula gunia 14 kwa mwaka. Tembo wameharibu ekari 2 na nusu. Je, atapungukiwa gunia ngapi za chakula?
5. Eleza tofauti kati ya kifuta jasho, kifuta machozi na fidia.
6. Andika insha ya maneno yasiyopungua 250 yenye kichwa: "Kama ningekuwa mwenyekiti wa kijiji kinachopakana na hifadhi."

Jibu la swali la 4: zilizobaki ni ekari 1 na nusu, sawa na gunia 12. Atapungukiwa gunia 2.

Kwa swali la 6, anza na hali ya kijiji unachokifahamu. Kama unatoka Kasoli, andika Kasoli. Mtajie msahihishaji pamba, ng'ombe na barabara ya kwenu, kisha onesha ungefanya nini ili utalii uwafae watu wa hapo. Mtahini amesoma insha nyingi zinazosema utalii ni muhimu. Mpe moja inayomwonesha ni muhimu kwa nani, na kwa njia gani.